Maswali Yenu ya Kikapu: Goti la Senta, Hela ya Kamati

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, wachezaji wa pancha. Sijui ni kwa sababu usajili umekaribia au ni kukesha mnaangalia NBA ya Marekani, ila karibu kila aliyeandika anauliza kitu kinachofanana: huyu mtu ana kipaji balaa ila kila siku majeruhi, tumchukue au tumuache? Nimechagua chache, na mbili tatu nimezifupisha maana kuna watu mnaandika kama mnaomba kazi serikalini.

Habari kaka. Mimi ni mjumbe wa kamati ya timu yetu hapa Ipagala, tunashiriki ligi ya mkoa. Tumechanga milioni moja na nusu kwa ajili ya usajili na kuna senta mmoja yuko Dar anataka kuja, kimo anacho, mikono anayo, rebaundi, ile mipira inayorudi kutoka ringini, anazila zote. Shida ni goti la kulia, msimu juzi alikosa karibu msimu wote, msimu uliopita kacheza nusu. Mwenyewe anasema kapona kabisa. Anataka laki nane mkononi kabla hajapanda treni, na chumba. Kikao kimegawanyika, mwenyekiti anamtaka kweli kweli, mimi naogopa. Tufanyeje?
*Mjumbe, Ipagala, Dodoma*

Mjumbe, hofu yako ina msingi, ila naona kikao kizima mnabishania kitu ambacho hamna uwezo nacho. Mnabishana kapona au hajapona, na hilo hamtalijua, hata madaktari wa timu za NBA wenye mashine za kila aina hawalijui kwa uhakika, wanakadiria tu, na kila mwaka kuna timu inakadiria vibaya. Mnachoweza kukiamua nyie ni karatasi, yani mnampa shilingi ngapi, lini, na kwa muda gani. Timu nyingi zilizolia kwa sababu ya mchezaji wa pancha, ukichunguza vizuri goti ni nusu tu ya kesi, nusu nyingine ni namna walivyomlipa.

Mchukue Stephen Curry. Leo kila mtoto anamjua, ila watu wanasahau kwamba mwaka 2012 huyu jamaa alikuwa anajulikana kama mgonjwa wa enka. Kapasuliwa enka ya kulia 2011, kapasuliwa tena 2012, na msimu wa 2011-12 kacheza mechi 26 tu. Golden State wakakaa naye mezani wakampa miaka minne kwa dola milioni 44. Wapo waliosema hiyo hela ni nyingi kwa mtu wa bandeji, lakini linganisha na James Harden ambaye siku zile zile Houston walimpa milioni 80 kwa miaka mitano. Maana yake ni kwamba wasiwasi wa enka ulishakatwa kwenye bei, Curry mwenyewe aliukubali, na timu ikabeba mzigo inaoweza kuubeba. Wakambadilishia mazoezi, wakamjenga nyonga na mapaja ili enka isiwe inabeba kila kitu peke yake, na ilipotulia wakajikuta wana MVP, yani mchezaji bora wa ligi, wa 2015 na 2016 anayelipwa kama mchezaji wa kawaida. Msimu wa 2016-17 alikuwa analipwa kama milioni 12 tu, na hiyo ni moja ya sababu Kevin Durant aliweza kuingia pale. Enka ingekataa wangeumia ndio, ila duka lingefunguliwa kesho yake.

Sasa muangalie Grant Hill. Mwaka 2000 Orlando walimchukua kutoka Detroit kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 93 hivi, huku enka ya kushoto ametoka kuivunja na imefungwa vyuma. Msimu wa kwanza mechi 4, wa pili 14, wa tatu 29, wa nne hakugusa uwanja. Misimu minne, mechi 47, na msimu mmoja wa NBA una mechi 82. Wenzetu kule wana ukomo wa mishahara kwa kila timu, kwa hiyo ile hela haikuwa inamuuma tajiri peke yake, ilikuwa imekalia nafasi ya wachezaji wengine, na Tracy McGrady akabaki anafunga peke yake kila usiku kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Na kinachouma zaidi, kwenye dili lile Detroit walipewa Ben Wallace ambaye wakati huo hakuna aliyemuhesabu, akaja kuwa mkabaji bora wa ligi mara nne na bingwa wa 2004.

Ila subiri. Hill huyo huyo mwaka 2007 akaenda Phoenix, keshakuwa mtu mzima, kwa hela ndogo na mikataba mifupi, na msimu wa 2008-09 akiwa na miaka 36 akacheza mechi zote 82. Mguu ni ule ule mjumbe. Kilichobadilika ni matunzo na karatasi, na hata kama angeumia Phoenix wasingejua kama wameibiwa.

Kwa hiyo laki nane kabla ya kupanda treni, hapana. Hapo mnatoa zaidi ya nusu ya mchango wenu kwa mtu ambaye mwaka jana kacheza nusu msimu. Mwambieni hivi: nauli yetu, chumba chetu, laki mbili na nusu akishafika na kufanyiwa vipimo, halafu elfu hamsini kwa kila mechi anayovaa jezi na kuingia uwanjani. Akicheza mechi kumi na moja kafikisha laki nane yake ile ile. Kama anaamini goti lake limepona hana sababu ya kukataa, na kama anakataa katakata basi kashawapa jibu ambalo daktari hawezi kuwapa. Akisema tuongezee kidogo ya mwanzo ongezeni, mtu anahama mji jamani, ana kodi na pengine ana mtoto, msimkabe kama mwizi. Hela inayobaki mtafutieni msaidizi, hata kijana wa UDOM mwenye kimo cha wastani anayejua kukaba, maana senta wenu asipocheza mtamuweka nani pale chini ya ringi? Hilo ndilo swali ambalo kamati nyingi hazijiulizi mpaka siku ya mechi.

Vipimo navyo msifanye kwa macho ya furaha. Mtu wa goti siku ya kwanza ya majaribio anaruka vizuri sana, kashakunywa dawa ya maumivu, kapasha, kajifunga. Muangalieni kesho yake asubuhi. Akae amenyoosha miguu yote miwili bila kile kifungo cha goti, mlinganishe magoti, pale pembeni ya pia ya goti huwa kuna kishimo kidogo, kama upande wa kulia kishimo hakipo na kumejaa jaa maana yake goti limekusanya maji usiku. Halafu chukueni futi ya fundi cherehani mpime paja la kulia na la kushoto, sentimita 15 juu ya goti, paja la mguu ulioumia likiwa jembamba wazi wazi basi misuli haijarudi, na goti lisilo na misuli kwa juu yake linacheza kwa imani tu. Halafu kaeni pembeni mhesabu rebaundi zake, anaruka na mguu gani? Senta anayeogopa goti la kulia atarukia kushoto kila mara na atageukia upande mmoja tu, na wapinzani watalijua hilo ndani ya robo ya kwanza. Kushuka ngazi za jukwaani pia kunasema mengi kuliko kupanda, mtazameni anavyoshuka.

Hayo ni ya kamati, hayaondoi daktari. Mpelekeni kwa mtaalamu wa mifupa, na akija na picha zake za zamani ndio vizuri zaidi. Muulizeni kitu kimoja tu cha msingi, alichoumia msimu juzi na alichoumia msimu uliopita ni kitu kimoja au viwili tofauti? Mtu aliyevunjika kidole kisha akagongwa mbavu ana bahati mbaya. Mtu ambaye sehemu ile ile inarudi, inapona, inarudi, huyo ana tatizo ambalo halijatibiwa, na kuumia kwa zamani ndio dalili kubwa kuliko zote ya kuumia tena.

Na jambo la mwisho ambalo kwetu huku ni zito kuliko NBA. Wenzetu wanacheza mechi nyingi lakini kwenye mbao zinazonesa, kuna ndege, kuna bafu la barafu. Sisi tunacheza mechi chache kwenye saruji, na mbaya zaidi mkifuzu mashindano ya kituo kimoja mnaweza kucheza kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ligi ya mkoa ya mwisho wa wiki senta wenu anaweza kuimudu fresh kabisa, ana siku tano za kupumzisha goti. Wiki ya mashindano ndio itamuua. Toronto walipomchukua Kawhi Leonard 2018, mtu aliyetoka kucheza mechi 9 msimu mzima, walimpumzisha makusudi, akacheza 60 kati ya 82, watu wakanung'unika kwamba wamelipia tiketi hawamuoni, halafu mwaka 2019 akawapa ubingwa na akawa mchezaji bora wa fainali. Na alikuwa kabakiza mwaka mmoja tu kwenye mkataba, kisha akaondoka zake Clippers. Walilipa kwa ajili ya mwaka mmoja wakapata mwaka mmoja. Andikeni kwenye makubaliano kabisa kwamba wiki ya mashindano hachezi zaidi ya mechi kadhaa, na kocha asaini, maana makocha wetu timu ikiwa nyuma kwa pointi sita anasahau kila kitu.

Mwenyekiti msalimie.

Kaka hivi Portland walirogwa? Bowie badala ya Jordan, Oden badala ya Durant, halafu Brandon Roy naye. Huku hosteli tumebishana usiku kucha, wengine wanasema ni bahati mbaya, mimi nasema ni uzembe.
*Mwanachuo, UDOM*

Mnachanganya kesi tatu kwenye faili moja ndio maana hamuelewani.

Kule NBA kila mwaka timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na Greg Oden 2007 alikuwa senta ambaye karibu kila mtu angemchukua wa kwanza. Pale chuoni Ohio State kacheza na mkono wa kulia uliotoka kupasuliwa, mpaka mipira ya adhabu alikuwa anarusha kwa kushoto na bado akafika fainali. Mkono sio goti, huwezi kumkataa senta kwa sababu ya kifundo cha mkono. Halafu Septemba hiyo hiyo kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi, goti la kulia likafunguliwa, wakamfanyia ile operesheni ya kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ili gegedu liote upya. Msimu mzima ukaenda. Baadaye akacheza 61, kisha 21, pia ya goti la kushoto ikapasuka Desemba 2009, na kwa maisha yake yote ya NBA ukijumlisha na Miami ni mechi 105. Durant aliyechaguliwa wa pili mnamjua. Hapo nawapa wenzako, ile ni bahati mbaya kwa sehemu kubwa, kumlaumu aliyechagua ni kumlaumu mtu kwa mvua.

Roy ni habari nyingine. Alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi 2007, mchezaji mzuri kiasi kwamba mimi hata leo nikiona video zake nanyamaza. Ila magoti yake yalikuwa yameanza kuisha gegedu na watu walikuwa wanajua kwamba yana historia. 2009 timu ikampa mkataba wa juu kabisa wa miaka mitano. Aprili 2010 akapasuliwa goti, siku nane baadaye akarudi kucheza mechi ya mtoano dhidi ya Phoenix, uwanja mzima umesimama, na kusema ukweli sijui ni nani aliruhusu kitu kile. Desemba 2011 akatangaza kustaafu ana miaka 27, na timu ikatumia kifungu cha kumfuta kwenye hesabu za mishahara. Akajaribu kurudi Minnesota, mechi tano, basi. Hapo uzembe upo, sio kwenye kumpa mkataba maana mtu kama yule usingempa angeondoka, uzembe ni kwenye kumtumia.

Bowie namuacha kwa sasa, anafaa kwenye swali linalofuata kuliko lako.

Shikamoo anko. Mimi nacheza namba mbili, nipo Kizota. Kuna timu ya Dar imenipigia simu inataka kunisajili na watanipima. Enka ya kushoto inanisumbua toka mwaka jana, sio kila siku, ila nikicheza mechi mbili mfululizo inavimba. Washkaji wananiambia nikae kimya, nikisema tu dili limekufa. Nikae kimya?
*Jezi namba 14, Kizota*

Marahaba mdogo wangu. Usikae kimya, na sikwambii hivyo kwa sababu ya uungwana, nakwambia kwa sababu ya hela yako.

Huyo Sam Bowie, 1984. Chuoni Kentucky alikuwa amekosa misimu miwili mizima kwa mfupa wa mguu uliokuwa haungi. Portland walikuwa na namba mbili kwenye uchaguzi, wakamuita wakampima kwa masaa kama saba, wakawa wanamgonga gonga kwenye mguu kwa kirungu kidogo wanamuuliza unasikia maumivu? Akasema hapana. Miaka mingi baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikuwa anasikia na aliwadanganya. Wakamchukua, Chicago wakachukua aliyebaki wa tatu ambaye ni Michael Jordan. Msimu wa kwanza Bowie akacheza mechi 76, watu wakasema unaona. Misimu minne iliyofuata, yote kwa pamoja, 63, mifupa ya miguu inavunjika, inaungwa, inavunjika. Simlaumu sana, alikuwa kijana anataka kuilisha familia yake, na mimi ningekuwa pale na kile kirungu kinanigonga sijui ningesema nini. Lakini angalia alivyolipa: sio timu tu iliyoumia, ni yeye aliyetajwa kwa miaka arobaini kama kosa la mtu mwingine.

Na siku hizi kukaa kimya hakusaidii, watu wanapima. Februari 2025 Lakers walikuwa wameshakubaliana na Charlotte kumchukua senta Mark Williams, habari imetoka dunia nzima, wachezaji wa upande wa pili wameshaaga, vipimo vikaja wakasema hatumtaki, kila mtu arudi alikotoka. Fikiria unarudi kuvaa jezi ya timu iliyoshakuuza.

Kuna upande wa pili ambao washkaji zako hawakwambii. Isaiah Thomas alicheza Boston na nyonga mbovu, kajitolea, msimu wa 2016-17 anafunga wastani wa pointi 28.9, mtu mfupi vile. Nyonga ikakataa kwenye mtoano. Kiangazi hicho hicho timu aliyoumia kwa ajili yake ikampeleka Cleveland, Cleveland nao walipoiona nyonga wakadai waongezewe kitu kwenye dili, na mtu aliyekuwa anategemea mkataba wa mamilioni mengi akaishia kusaini mwaka mmoja wa kiwango cha chini pale Denver. Timu haitakukumbukia maumivu uliyoyaficha kwa ajili yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kupanda treni nenda kwa daktari wa mifupa hapa hapa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa kuna MRI, huhitaji kusafiri mpaka MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, kwa ajili ya picha. Ujue ni ligamenti imelegea, ni mfupa, au ni misuli tu ya ndama iliyokaza. Ukienda Dar unaweka karatasi mezani mwenyewe na unaomba mambo yako: mtu wa fiziotherapia walipe wao, dakika za kucheza kwenye mechi za mfululizo zipunguzwe, na ukiumia kazini matibabu yawe yao na posho isikatwe mwezi wa kwanza. Ukificha huwezi kuomba hata kimoja kati ya hivyo, na siku enka ikivimba utaambiwa umekuja na ugonjwa wako kutoka Dodoma. Wakikataa kukusajili kwa sababu hiyo, ujue hao wangekuacha kwenye benchi la hospitali.

Usifanye mazoezi ya kuwaonyesha wewe ni mzima siku mbili kabla ya vipimo. Najua umeshafikiria.

Kwanini Sixers wa Philadelphia wanaendelea kumlipa Embiid? Mimi ni shabiki wao na nimechoka.
*Singida mjini*

Pole. Nadhani mkataba wa kwanza ulikuwa wa akili sana na wa mwisho ni wa shukrani.

Joel Embiid, kijana wa Yaoundé, alichaguliwa wa tatu 2014 akiwa na mfupa wa unyayo umevunjika, ule mdogo wa katikati ya mguu kwa juu ambao damu inaufikia kwa shida ndio maana unachelewa kupona, na kwa mtu mrefu na mzito kama yeye kila hatua inaukandamiza. Misimu miwili hakucheza kabisa. Wa tatu mechi 31. Halafu Oktoba 2017 wakampa miaka mitano, kama dola milioni 148, watu wakashika vichwa, mechi 31 tu! Ila ndani ya karatasi waliweka vifungu: yakirudi majeraha yale yale yaliyotajwa na akakosa mechi za kiwango fulani, timu ina njia ya kutoka kwa hasara ndogo. Hawakuvihitaji. Akawa MVP wa 2023.

Septemba 2024 wakamuongezea tena, miaka mitatu, karibu milioni 193, huku ametoka kupasuliwa goti mwaka ule ule. Msimu wa 2024-25 akacheza mechi 19. Kwa mtu aliyewapa MVP kumkatalia ni vigumu, mashabiki kama wewe mngechoma jezi, lakini ile hela ililipa miaka iliyopita na sio inayokuja. Endelea kuvumilia au hamia Oklahoma, hatutakusema.

Nafanya kazi ya bima. Hao wenzetu hawakatii bima mikataba yao?
*Makole*

Wanakata, na mchezaji mkubwa akikosa mechi nyingi mfululizo bima inarudisha sehemu kubwa ya mshahara. Ila nyie watu wa bima hamkati kila kitu. 2010 New York walimpa Amar'e Stoudemire karibu milioni 100 kwa miaka mitano na magoti yake hakuna kampuni iliyokubali kuyabeba. Mwaka wa kwanza kacheza mechi 78 na jiji zima limechanganyikiwa, miaka iliyofuata mwili ukagoma, Februari 2015 wakaachana naye. Bima ikikataa kitu huo nao ni ushauri wa bure. Bima ya kamati zetu, unajua mwenyewe, ni daftari la michango na simu ya mweka hazina ambayo haipatikani.

Hasheem Thabeet naye alikuwa wa pancha? Mbona hakudumu.
*Manyoni*

Hapana. Ndugu yetu alichaguliwa namba mbili 2009 na Memphis, mbele ya Harden na Curry, na mwili wake haukuwa tatizo. Mchezo wa kushambulia ndio haukukua haraka kama walivyotaka, na Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini akajinoe. Namba ile ile mbili iliyomtesa Bowie kwa mifupa, yeye ilimtesa kwa matarajio. Bado ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA na hiyo haifutiki, msije mkamchanganya kwenye mjadala huu.

Habari yako mwanangu. Mimi mama yake kijana wa kidato cha pili hapa Kondoa, anapenda mpira wa kikapu kuliko kula. Kifundo cha mguu kimeteguka mara ya tatu sasa mwaka huu, kila mara anakandwa na maji ya moto na kufungwa kitambaa, baada ya siku nne anarudi uwanjani. Mwalimu wa michezo anasema ndio kukomaa. Nimuachie?
*Mama, Kondoa*

Shikamoo mama. Nimeiweka barua yako mwisho lakini nilisoma yako kwanza. Huko kwenye kidato cha pili ndiko wachezaji wa pancha wanakotengenezwa, halafu miaka kumi baadaye kamati ya Ipagala inakaa kikao.

Enka ndiyo sehemu inayoumia zaidi kwenye kikapu, mtoto anaruka anatua juu ya mguu wa mwenzake, inageuka. Mara ya kwanza ni ajali. Mara ya tatu mguu ule ule ni kwa sababu ligamenti hazikupewa muda, na mguu umesahau kujishika. Kwanza mpeleke hospitali wamuangalie mifupa, umri wake mifupa bado inakua na kuna vitu kitambaa hakivioni. Maji ya moto siku ileile ya kuteguka acheni, yanaongeza uvimbe, tumieni barafu, hata zile barafu za ubuyu za mifuko ukizifunga kwenye kanga zinafanya kazi, dakika kumi na tano au ishirini, usiziweke kwenye ngozi moja kwa moja. Kisha mguu uinuliwe kwenye mto.

Uvimbe ukiisha asirudi kucheza, arudi kwenye mazoezi ya kusimama. Asimame kwa mguu ule mmoja, peku, wakati anapiga mswaki asubuhi na jioni, akizoea afumbe macho, akizoea zaidi arushiane mpira na mdogo wake akiwa amesimama vile vile. Inaonekana mchezo wa kitoto ila ndio dawa yenyewe, mguu unajifunza upya kujishika. Wiki kadhaa, sio siku nne.

Kabla ya mechi yoyote mpime mwenyewe sebuleni: asimame nusu dakika kwa mguu ule, kisha aruke ruke mara kumi kwa mguu huo huo bila kukunja uso. Akishindwa, Jumamosi hachezi. Mwalimu akisema unamdekeza, mwambie aniandikie, anwani ya gazeti anayo.